Mkanda kwenye Noah za Arusha–Moshi

Hapana dada, hiyo ya "usifunge mkanda, gari likipinduka utarushwa nje upone" ni maneno ya kijiweni tu. Anayerushwa nje ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa: anatokea dirishani, anapigwa na lami, na wakati mwingine gari lenyewe linamlalia likiendelea kubiringika. Asiyefunga pia anawaangukia wenzake humo ndani.

Kwenye Noah nyingi, hizi gari ndogo za abiria, mikanda ipo, ila imefukiwa chini ya kava za viti. Ingiza mkono kwenye ule mfereji kati ya kiti na egemeo, vuta, wala usimwonee konda aibu. Mkanda upite chini kwenye nyonga, siyo tumboni.

Halafu angalia juu ya keria. Mikungu ya ndizi na magunia yakijaa kule juu, kitovu cha uzito wa gari kinapanda juu, na dereva akikwepa bodaboda pale Usa River kwa kukata usukani ghafla, linalala kirahisi kuliko likiwa tupu. Hilo mimi nashuka, nauli ipotee.