Ile oksijeni ya juu usiiache, nakuomba

Futa huo mchoro. Futa kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Unasema uko Lindi, wiki ijayo una semina ya vimumunyisho vya kuchakata upya fueli ya nyuklia iliyotumika, na umeuliza mambo manne: muundo wa TBP, kimiminika kinachovuta urani kutoka kwenye hiyo fueli, kwa nini huchanganywa na mafuta ya taa, mionzi inaiharibuje, na slaidi ziwe ngapi. Sawa. Ila mchoro uliobandika una fosforasi katikati na matawi matatu tu. Nimeuona tumbo likanikata, maana huo mchoro ni wangu. Niliuchora hapahapa Mtwara, ukanila mwaka mzima.

Mwaka wa mwisho chuoni nilinunua noti za kaka mmoja aliyetutangulia. Elfu kumi, na soda juu. Akanielekeza kwa mfano mtamu: "Fosforasi ni chungu, matawi ni mafiga matatu. Mafiga yakitimia chungu kimekaa. Hiyo oksijeni ya juu ni pambo, iache picha isijae." Nikamwona profesa! Popote alipo, chungu chake kiungue.

Basi nikafinyanga mfano wa udongo na njiti za mishikaki, nikaupaka rangi, nikaupakata kwenye bajaji kutoka Mikindani hadi mjini. Dereva akaniuliza kama mimi ni mganga. Ningekuwa mganga ningejua yanayokuja.

Mtahini alikuwa mama mmoja mpole. Akauzunguka mfano mara mbili. "Mwanangu, urani inashikwa wapi hapa?" Nikagusa fosforasi, kifua mbele. Akanyamaza. "Na TBP ya asilimia 30 kwa ujazo umepata moli ngapi kwa lita?" Nikajibu 1.17. Akavua miwani. "Hiyo hesabu ni ya molekuli nyingine."

Kweli ilikuwa nyingine. TBP ni tributili fosfeti, C₁₂H₂₇O₄P. Hesabu oksijeni: nne. Tatu zinabeba mikia ya butili, ya nne imekaa juu ya fosforasi kwa bondi maradufu. Mimi nilichora yenye tatu, yaani tributili fosfaiti. Jina linakaribiana, kazi mbali kabisa. Uzito wa moli wa TBP ni gramu 266.3, wangu ulikuwa 250.3. Zile 16 zilizopotea ndilo "pambo" la yule bwana, na ziliharibu kila jedwali la ripoti. Jibu lilitakiwa liwe karibu 1.1.

Na hilo pambo ndilo linalofanya kazi yote! Ndani ya asidi ya nitriki urani inatembea kama uranili: urani katikati, oksijeni moja huku na moja kule, zimenyooka mstari mmoja. Nitrati mbili zinaishika kiunoni, kisha zinakuja TBP mbili, kila moja inaishika kwa oksijeni yake ya P=O, ile ya juu. Hapo chaji zimekwisha, mikia yenye kaboni nne nne imetazama nje, na mzigo mzima unahama majini kuingia kwenye mafuta. Plutoni yenye chaji 4 nayo huenda vivyo hivyo, ila kwa nitrati nne. Huo ndio PUREX, yaani mchakato wa kutenga urani na plutoni kutoka kwenye fueli iliyotumika, wa kiwanda cha La Hague kule Ufaransa na kwingineko. Usije ukajitetea kama mimi, eti fosforasi ya fosfaiti ina elektroni zake mbili za akiba. Inazo, lakini mpenzi wa urani ni oksijeni. Nilibishana na mama wa watu dakika tano nzima kwa hilo, hadi leo nikikumbuka najifunika shuka.

Mafuta ya taa ni kwa sababu TBP peke yake ni nzito, karibu sawa na maji, 0.97 hivi, tena inanata. Bila kuipunguza tabaka mbili zinachelewa kuachana. Lakini hilo utalikuta kila mahali. Wewe shika hili: karatasi ikiwa bado nyeupe, anza na P=O. Mikia baadaye. Hata umeme ukikatika umebakiza mikia miwili, angalau kitu cha maana kiko pale.

Na kabla hujaenda steshenari, hesabu oksijeni kwa kidole. Mimi nililipia bango la rangi mara mbili. Lile la kwanza mama kafunikia magunia ya korosho, mafiga yameangalia juu.