Kwa wanaoanza kazi kwenye kiwanda cha wiski ya moshi

Wadogo zangu, wengi wanaofika kisiwa cha Islay, Uskoti, kujifunza kazi hii hukimbilia mitambo ya shaba ya kukeneka pombe, kwa sababu inang'aa. Ombeni mpangwe kwanza kwenye kimea. Moshi wa wiski hauzaliwi kwenye shaba. Unaingia kwenye shayiri mapema kabisa, na kazi yote inayofuata ni kuutunza usipotee.

Viwanda vichache kisiwani, kama Laphroaig, Bowmore na Kilchoman, bado vinaotesha sehemu ya shayiri yao sakafuni. Hulowekwa siku mbili hivi, ikamwagwa chini na kugeuzwa kwa sepetu za mbao usiku na mchana. Aliyekulia nyumba inayootesha ulezi wa togwa anaijua hatari: mizizi ikishikana, joto linapanda na kimea kinaharibika. Usiridhike na kugusa juu. Zamisha mkono mpaka sakafuni.

Kisha tanuru. Kimea huingia kikiwa kibichi, kwa sababu moshi hushika ganda lenye unyevu. Likishakauka, hata ukichoma piti mpaka kesho unapoteza bure. Piti ni udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Hukatwa majira ya kuchipua na kuanikwa. Mwanzoni tunataka ifuke, isiwake: ukiona ndimi za moto, moshi unakukimbia. Kukausha kabisa ni kazi ya hewa ya moto baadaye.

Hapo ndipo mtaielewa shaba. Katika mkeneko wa pili tunatenga kichwa, yaani pombe inayotoka mwanzo, tunachukua moyo, ile ya katikati, na kutenga mkia, ile ya mwisho. Fenoli, zile zenye harufu ya moshi, huja kwa wingi kuelekea mwisho. Ukikata mapema umemwaga jasho la watu wa tanuru. Ukichelewa, unabeba na uchafu wa mkia.

Anayepangiwa ofisini asijione yuko mbali na kazi. Bessie Williamson alifika Laphroaig mwaka 1934 kama karani wa muda, akajifunza kila kona, na mmiliki, Ian Hunter, alipofariki mwaka 1954 alimrithisha kiwanda.

La mwisho, nalisisitiza: mkipita kwenye matangi ya kuchachusha, msiinamishe kichwa ndani kunusa. Hewa ya ukaa hujaa pale juu ya povu, na pumzi moja inatosha kukuangusha.