Mama amelilia visamaki viwili

"Assalaam alaykum, Somo. Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Mkomani, hapa Amu, yaani Lamu. Nilisoma Mombasa nikapata diploma, na huu ni mwaka wa nne tangu nirudi kuishi kwa wazazi. Kazi yangu ni ya kompyuta, natangaza nyumba za wageni mtandaoni. Tatizo ni mamangu. Ikifika saa nne za usiku ashapiga komeo mlangoni. Nikichelewa nagonga mpaka baba ashuke na tochi. Alfajiri mama hufagia daka, kile kibaraza cha mlangoni, kwa kelele, makusudi, na ajua mimi hulala saa tisa. Juzi alinifokea mbele ya rafiki zangu kwa ajili ya visamaki viwili vya birikani, akalia kana kwamba amefiwa. Dadangu mdogo ameachika, amerudi na watoto wawili, na hakuna amwulizaye kitu. Mimi natoa mchango wangu, hata umeme wa mwezi uliopita nilinunua mimi. Chumba changu hakina mlango, ni pazia tu. Nimeomba nitie mlango na AC, baba amekataa, asema nyumba haitaki. Mwakani nataka kuoa, sasa huyo mke nitamweka wapi? Mwambie mama dunia imebadilika.
Mtu Mzima, Mkomani."

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole. Kufika miaka 31 bila ya ufunguo wa mlango wako mwenyewe si jambo la kuchekwa, na nyumba za Amu zimepandishwa bei na wenye pesa za kutoka mbali mpaka kijana wa hapa hana pa kushika. Hilo nakubali. Pole yangu imekwisha, sasa tuisome barua.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nikatafuta mahali ulipotaja kazi yoyote uliyoifanya humo ndani kwa mikono yako, nisipaone. Mara ya tatu nikamhurumia mamako.

Tuanze na visamaki, maana umevitaja kwa kupita tu, kama mtu anayefunika kitu kwa kanzu. Msomaji asiyezijua nyumba zetu asidhani birika hii ni ya chai. Ni tangi la mawe na chokaa lililojengwa ndani ya choo, maji yake hutekwa kwa kata, na ndani hutiwa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Katika nyumba za kale, chini kabisa ya birika utakuta bakuli la kaure limejengewa hapo hapo, maji yakipungua visamaki vipate pa kujiweka. Wazee wetu waliwafikiria hata samaki.

Sasa wewe umeandika kuwa mama alilia. Hukuandika vilikufaje. Visamaki viwili havifi kwa uzee siku moja, mwanangu, hufa kwa sabuni. Naona kama nilikuwapo: mtu ameamka saa tano mchana, kata inaning'inia msumarini pale pale, yeye ametumbukiza mikono mizima birikani na povu la shampuu hadi viwikoni. Adhuhuri mama aingia kutawadha, akuta utando juu ya maji na visamaki vimegeuka tumbo juu. Maji yote yakamwagwa, birika ikasuguliwa, ikajazwa upya. Na najua hukusugua wewe, kwa sababu ungesugua ungeniandikia, tena kwa herufi kubwa. Mwanamke wa umri ule halilii dagaa. Huenda asubuhi hiyo alikuwa ameshakusanya mengine kumi, na hayo mawili ndiyo yaliyoelea.

Nije kwenye ufagio. Wasema afagia daka kwa makusudi. Bila shaka! Daka ndiyo uso wa nyumba, na baada ya sala ya alfajiri watu wote wa mtaa wapita hapo wakitoka msikitini. Ninalouliza mimi ni jingine: afagia nini? Wewe na rafiki zako mwakaa barazani mpaka saa tisa "mkizungumza". Mazungumzo matupu hayaachi taka. Ufagio wapiga kelele kwa sababu kuna vijiti, kuna majani yaliyotafunwa, kuna maganda ya njugu na karatasi za ubani. Neno muguka, hayo majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hukulitaja hata mara moja, nami sikushutumu, nasema tu kwamba kazi ya kompyuta haiachi majani. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilijaribu kuupiga marufuku, mahakama ikasimamisha, kwa hivyo sheria si yangu na sigombani na mtu. Lakini anayetafuna usiku ndiye afagie asubuhi, asimwachie bibi wa watu kuinama gizani akiokota vijiti vya wanaume wenye ndevu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mamako amekwambia kwa ufagio kila siku kwa mwaka wa nne, nawe umesikia kelele tu.

Kuhusu komeo sina mengi. Umeandika baba "ashuke na tochi" kama unavyoandika mvua ilinyesha. Ngazi za nyumba za Mkomani nazijua, zimesimama kama ukuta na kila daraja ina kimo chake. Baba mwenye mtoto wa miaka 31 si kijana. Ataanguka siku moja, Mungu aepushe, halafu utaniandikia barua nyingine.

Na mchango. Mwaka wa nne maana yake miaka mitatu kamili umeshakula, yaani miezi 36 na ziada. Umenitajia tokeni za mwezi mmoja. Sikuuliza mimi, umejihesabia mwenyewe. Huo unga wa mahamri, nazi, samaki, gesi, sabuni ya kufulia kanzu zako za Ijumaa, vyatoka wapi? Nahofia kompyuta na simu zako zala umeme kuliko nyumba nzima, kwa hiyo hata huo mwezi mmoja ulijinunulia mwenyewe.

Hapa kwenye mlango sasa nitakaa kidogo, maana ndipo penye jambo la kweli katika barua yako, ingawa hukulijua wakati ukiliandika.

Nyumba ya mawe ya Amu haikujengwa kwa ajili ya mtu kuwa na "chumba changu". Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka chumba kipana. Waingia kutoka daka, wafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, wapanda misana, vile vyumba virefu vinavyofuatana, kisha ndani, na kila hatua yazidi kuwa ya siri kuliko ile ya nyuma yake. Kati ya msana na msana ni pazia. Siri ilikuwa ni ya nyumba nzima kwa wapita njia, na mgeni mwanamume alikuwa na sabule yake, chumba cha wageni, ili asikanyage ndani. Haikumpitikia fundi yeyote kwamba mtoto atataka kujificha na mamake. Babako akisema nyumba haitaki, hasemi upuuzi: kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukitoboa kwa mashine ya kutetemesha, lipu yashuka vipande vipande. Tena mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kuna watu wa makumbusho wa kuulizwa kabla ya kugusa ukuta. Kwani hukusikia wahenga, nyumba njema si mlango?

Lakini nakupa haki yako. Ni kweli nyumba ile haina pahali pa mwanamume mzima asiye na mke. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwa ada ya waungwana wa Amu, wakati huu ungekuwa umeshatoka. Nyumba alipewa binti akiolewa, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Zile wikio unazopita chini yake kila siku, vyumba vilivyoruka njia kutoka nyumba hii hadi ile, nyingine zilijengwa ili mama na binti wasitengane. Kwa hiyo wewe unayewaita wazazi watu wa zamani, ingefuatwa hiyo zamani, mwenye nyumba angekuwa dadako, na wewe ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wa mwaka wa nne hata ufagio hujashikishwa.

Dadako haulizwi kitu kwa sababu hakuna cha kumwuliza. Ameachika, amerudi kwao, ndiyo kazi ya kwao. Nami nina hakika ndogo, si kubwa, kwamba yale mahamri unayoyakuta yamefunikwa kawa saa tano mchana hayakupikwa na mamako peke yake. Halafu kuna jambo limenikaa kooni tangu nianze kuandika. Huyo aliyemwacha simjui, wala sitaki jina lake. Lakini nimekaa na mabinti wengi waliorudi kwao na watoto mkononi, na hadithi ni moja: alioa kijana aliyelelewa akiletewa maji ya kunawa, akafika kwake akangoja maji ya kunawa. Wiki ya kwanza bibi harusi akaona raha kuhudumu. Mwezi wa sita akaona ameolewa na mtoto wa mtu. Siku hizi twasema ndoa zavunjika kwa sababu ya simu, kwa sababu ya pesa, kwa sababu wasichana wamesoma. Simu imekuta kuni zimeshakauka. Twatumia laki kwa laki kwa kombe na mapambo na video ya harusi, na hakuna anayemwuliza bwana harusi kama ajua kuwasha jiko. Msichana hufundwa na somo wake siku ngapi? Mvulana hunyolewa tu.

Kwa hiyo swali lako la kumweka wapi mke nimeliona, na sina haraka nalo. Kamweke huyo kwanza anayeishi humo sasa.

Nimegeuka kwa mama, najua ataisoma hii, kuna jirani atamsomea. Bi mkubwa, wewe nawe una lako. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bintiyo alipokuwa na miaka minane alikuwa akiosha sahani, na huyu wa kiume amekaa mkekani angoja yake ijazwe. Nani alimfundisha kwamba kata hupanda yenyewe kutoka msumarini? Hukukosea kulia, umekosea kuchelewa miaka ishirini. Na kufagia kwa hasira ni lugha ambayo vijana wa leo hawakuisoma. Mwite, mkalishe msanani, babake awepo, umwambie kiasi cha pesa kwa mwezi na tarehe. Sema kiasi. Usiseme "unachojaaliwa".

Wewe Mtu Mzima, neno langu ni hili. Mamako ana haki, na kama ningekuwa yeye komeo ningelipiga saa tatu. Ikiwa kweli mwakani waoa, basi mwezi huu tafuta chumba cha kupanga, Langoni au Wiyoni, hata kiwe kidogo, ulale humo peke yako mwaka mmoja na mlango wako wa mbao. Ujifulie. Ule ulichopika. Ijumaa uje kwa wazazi na samaki mkononi kama watoto wa watu wanavyofanya, uone mama atakavyokufungulia. Na kama huwezi kulipa kodi ya chumba, basi huwezi kulipa mahari, turudi mwanzo.

Kabla ya yote hayo, birika ina wiki sasa haina samaki na mbu wameshaanza. Visamaki haviuzwi dukani. Chukua kopo safi, pita kwa majirani wenye birika, ubishe hodi, uombe viwili. Watakuuliza vile vya kwenu vimepatwa na nini. Uwajibu mwenyewe.