Kabla hujasema tamthilia imewawakilisha watu, tafuta nyumba ya kila mmoja

Kazi yangu ya kwanza ya kuchambua tamthilia chuoni ilirudi na alama 11 juu ya 30. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umesimulia. Hujachambua." Nilikasirika wiki nzima. Kurasa sita! Nilikuwa nimeeleza kila kitu: mtoto kapotea, mama kahangaika, polisi kaingia msituni, zimwi limetoka ukutani. Hasira ilipopoa nikaisoma tena, nikaona aibu. Yalikuwa maneno ya mtu aliyeenda kibanda umiza jana, anamsimulia aliyebaki nyumbani.

Tamthilia yenyewe ni Stranger Things, ile ya ndugu Duffer iliyoanza kuonyeshwa Julai 2016, ya watoto wa mji wa kubuni uitwao Hawkins, jimbo la Indiana, Marekani. Mimi niliwekewa kwenye flashi pale Kabwe, jijini Mbeya, kwenye laibrari ya muvi, msimu wa baridi ambapo sisi wa Uyole tunatazama muvi tumejifunika blanketi na jiko la mkaa liko karibu na mlango. (Mlango uache wazi. Hewa ya mkaa haina urafiki na mtu.) Tangu hapo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mwaka kuna mwanafunzi mtaani anayeniletea kazi kama ile yangu, imejaa matukio tupu. Ninayomwambia ndiyo haya.

Zana tunazo tayari. Fani na maudhui (namna hadithi inavyosemwa na kinachosemwa), muundo, wahusika bapa (wasiobadilika), duara (wanaobadilika) na shinda (wa kivulini), vyote tulivikariri tangu sekondari. Tatizo ni kwamba tukitoka kwenye chumba cha mtihani tunaviacha juu ya dawati. Mwambie mtoto wa kidato cha tano atumie "muundo rejea" (hadithi inayorudi nyuma) kwenye tamthilia ya mazimwi na maabara za siri, atacheka. Ajaribu tu.

Msimu wa kwanza una sehemu 8, na wanaotafuta ni makundi matatu: watoto wanamtafuta mwenzao Will, vijana wakubwa wana msako wao, na watu wazima wana wao. Kila kundi limeshika kipande cha ukweli ambacho wenzao hawana. Mwenye vipande vyote ni wewe uliyekaa kwenye kochi, ndiyo maana unaipigia skrini kelele. Karibu na mwisho ndipo makundi yanakutana. Ukishaliona hilo, swali la "nini kilitokea" halina tena uzito. Unaanza kujiuliza kwa nini huyu kajulishwa mapema na yule kafichwa.

Halafu mwangalie Eleven, yule binti aliyetoroka maabara. Maisha yake ya nyuma tunayapata kwa kurudishwa nyuma vipande vipande, picha fupi fupi. Mwanzoni nilidhani ni mbinu ya kutuchelewesha tu. Kumbe binti mwenyewe hana maneno ya kujisimulia: amelelewa kama namba, 011, imechorwa mkononi. Hadithi yake inavuja kwa matone kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuisema. Hapo muundo umeshakuwa maudhui, na sentensi hiyo moja ilinipa alama nyingi kuliko zile kurasa sita.

Sasa usawiri, yaani watu wa aina fulani wamechorwaje. Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa sababu wanahesabu sura. Mweusi yupo mmoja, wasichana wapo, basi wamewakilishwa. Hiyo ni sawa na kuhesabu watu harusini bila kuangalia nani yuko meza kuu na nani yuko nyuma ya nyumba anamenya viazi.

Njia yangu mimi ni nyumba. Chukua daftari, andika majina ya wahusika, na mbele ya kila jina jibu: tumeingia kwao? Nani anamsubiri? Wanakula nini? Nilifanya hivyo kwa msimu wa kwanza. Kwa akina Mike, rafiki yake Will, tunapajua hadi chini ya nyumba wanakochezea, tunamjua mama, dada zake, na baba anayesinzia kwenye kiti. Kwa Will tunamjua mama yake Joyce, kaka yake Jonathan, na ule ukuta wenye herufi na taa. Hopper, mkuu wa polisi, tumepewa hadi msiba wake wa binti aliyefariki. Lucas, mtoto pekee mweusi katika lile kundi, ana manati na kichwa kinachofanya kazi, lakini mdogo wake Erica, yule mwenye mdomo, tunakutana naye msimu wa pili, mwaka 2017.

Nikafurahi. Nimewakamata waandishi: mweusi hana nyumba! Nikamwonyesha binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, tukiwa tunakula viazi vya kuchemsha. Akaangalia daftari akasema, "Mama mdogo, na Dustin je? Mama yake mbona hujamwandika?"

Kweli. Dustin ni mwenzao wa kundi lilelile la watoto, ni mzungu, na mama yake naye tunakutana naye msimu wa pili. Nyumba yangu ikabomoka mbele ya mtoto.

Basi nikajifunza kuuliza mara ya pili. Ukosefu wa nyumba unakuonyesha nani anaibeba hadithi. Haukwambii moja kwa moja kwamba sababu ni rangi. Kama ni rangi, tafuta ushahidi mwingine. Nilipotafuta nikaupata kwenye kazi aliyopewa Lucas. Yeye ndiye anayepewa kazi ya kushuku wengine. Anamkuta msichana asiyemjua, mwenye nguvu za ajabu, anasema huyu hatumjui, tuwe waangalifu. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hivyo. Lakini waandishi wameshatufanya tumpende Eleven, kwa hiyo kila Lucas anapofungua mdomo anaonekana kikwazo. Ana haki, na bado mtazamaji anamkasirikia. Jambo hilo huwezi kuliona kwa kuhesabu sura. Inabidi ujue macho yako yamekaa kwa nani.

Na yanayotokea nje ya skrini yasomwe pia, ila kwa uangalifu. Mwaka 2022 Caleb McLaughlin, anayemwigiza Lucas, alieleza hadharani huko Ubelgiji kwamba alipokuwa mdogo kuna mashabiki ambao hawakutaka kusimama kwenye foleni yake kwa sababu ni mweusi. Sitasema hadithi ndiyo iliyowafanya hivyo. Ubaguzi wao walikuja nao kutoka kwao. Lakini ukiandika juu ya Lucas bila kujua hilo, umeandika nusu.

Kuna mwingine ambaye huwa namtumia kila mara: Kali. Sehemu ya 7 ya msimu wa pili, Eleven anasafiri hadi Chicago na kumkuta msichana mwenye asili ya Kihindi, naye alikuwa mtoto wa maabara, namba 008. Mashabiki wengi waliichukia sehemu hiyo, wakasema inakata mwendo. Mimi naipenda nusu na inaniudhi nusu. Kali ana maumivu, ana kundi lake, ana kisasi. Ni tamthilia nzima imejificha ndani ya saa moja. Lakini angalia anachofanya pale: anamfundisha steringi (mhusika mkuu, Eleven) kuitumia hasira yake, steringi anajifunza, anarudi nyumbani, na misimu miwili inayofuata Kali haonekani. Vitabu vya sekondari vina jina la mtu wa namna hiyo: mhusika shinda, anayeishi kwenye kivuli cha mwingine. Ukimwita hivyo kwenye insha yako na kuonyesha matukio, mwalimu hana pa kukushika.

Barb naye, yule rafiki wa Nancy, dada yake Mike, aliyekufa mapema kabisa. Will akipotea mji unawasha tochi; Barb akipotea ni kimya. Watazamaji wenyewe mtandaoni ndio waliodai haki yake. Andika kwenye daftari: nani anatafutwa?

Mama yangu mzazi ndiye aliyenipa swali nisilokuwa nalo. Siku moja alipita sebuleni, akaona baiskeli, nywele za zamani na redio za upepo, akauliza ni mwaka gani. Nikamwambia 1983. Akacheka sana. Kwake 1983 ni foleni ya sukari na sabuni ya kipande, ni msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Televisheni? Tanzania Bara ilianza kuipata 1994. Wale watoto wanakumbukwa kwa upendo mkubwa, na mimi nilikuwa nimekaa pale naukumbuka kwa hamu utoto ambao hakuna mtu wa ukoo wangu aliyewahi kuuishi. Si kosa la tamthilia. Ila mchambuzi lazima aseme kumbukumbu hii ni ya nani, hasa unapofika msimu wa tatu na Warusi wanaletwa kama maadui waliojificha chini ya maduka. Karibu wote ni bapa kabisa, wanakunja uso na kupiga watu. Isipokuwa yule mwanasayansi wao Alexei, anayefurahia kinywaji chake na michezo ya gulio kama mtoto, na kwa kweli ndiye ninayemkumbuka.

Jambo jingine nimelikuta hapa kwetu tu. Niliwahi kuitazama kopi iliyotafsiriwa, ile yenye DJ anayesimulia juu ya sauti. DJ yule alimpenda Lucas. Alimwongezea maneno ambayo hayapo, akamfanya mjanja wa kijiwe, kila akitokea anapewa utani wake. Wenzangu waliona ni upuuzi wa kuharibu muvi. Mimi niliona msimulizi wa pili amekaa juu ya wa kwanza na kuhamisha uzito wa hadithi, akiwa na maikrofoni moja tu. Kama unatafuta mada ya utafiti, iko pale Mwanjelwa, inauzwa kwenye flashi, na bado inasubiri mtu.

Baada ya yote hayo, mazoezi bora niliyowahi kumpa mtu ni kuandika yake. Nilimwambia binti wa dada yangu atunge sehemu ya kwanza ya tamthilia ya vijana ya kisayansi. Akaja na Jessica na Kevin, theluji, basi la shule la njano. Nikamuuliza kama amewahi kuona theluji. Kimya. Nikamkumbusha kwamba ukipanda gari kuelekea Tunduma, pale Mbozi kuna Kimondo: pande la chuma lililotoka angani, linakadiriwa kufika tani 16, limekaa tu pale. Mbozi yenyewe iko Songwe siku hizi, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mwaka uleule Hawkins ilipozaliwa.

Akaondoka kanuna. Baada ya wiki mbili akarudi na kurasa nne. Binti wa Uyole, mama yake anauza viazi kwa debe, usiku mmoja Kimondo kinaanza kupata joto. Majina yote ya kwetu. Kulikuwa na mlinzi wa pale, mzee, aliyekufa ukurasa wa pili ili hadithi ianze.

Sikusema kitu. Nikamrudishia kurasa pamoja na lile daftari langu. Akasoma majina, akasoma maswali, akarudi kwenye ukurasa wa pili na kukaa kimya, kalamu mdomoni.

"Mama mdogo," akasema, "huyu mzee anakaa wapi?"