Barua kwa mwanangu kuhusu sarafu ya dhahabu aliyokuachia shangazi yako

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unaniuliza kama tukubali bei ya yule sonara wa Kariakoo, ambaye anasema kwamba sarafu uliyoachiwa na marehemu shangazi yako ni dhahabu ya karati 21 na kwamba atailipa kwa gramu, kama anavyolipa bangili iliyovunjika, mradi tuitoe kwenye kasha lake la plastiki aipime. Jibu langu ni kwamba usikubali, na kasha hilo asilifungue mtu yeyote. Nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa mali ni yako na neno la mwisho litakuwa lako.

Jana mchana niliiweka dirishani nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ni sarafu ya dola 20 za Marekani. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke aliyevaa taji na chini yake mwaka 1857. Upande wa pili una tai, na chini ya mkia wa tai ipo herufi S, ndogo sana, inayoonyesha kwamba ilipigwa chapa San Francisco. Lebo iliyo ndani ya kasha inataja meli SS Central America, na chini yake kuna daraja la ubora na namba ya usajili, vyote vya kampuni iliyoipima sarafu na kuifungia humo. Meli hiyo ilizamishwa na kimbunga mnamo Septemba 1857, mbali na pwani ya Carolina, ikiwa imebeba dhahabu ya California kuelekea New York, na watu wapatao 425 walipoteza maisha. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1988 katika kina cha zaidi ya mita 2,000. Kampuni za bima zilizokuwa zimelipa fidia katika karne ya 19 ziliidai dhahabu hiyo mahakamani, na baada ya kesi ndefu waopoaji walipewa zaidi ya asilimia 90 ya walichokitoa baharini. Nimekutajia kesi hiyo kwa sababu ndiyo inayozipa hati za shangazi yako uzito: mnunuzi makini atataka kujua kwanza kama sarafu ilitoka kwenye meli kwa njia halali, kisha ilifikaje mikononi mwetu. Barua ya familia ya yule mzee ambaye shangazi yako alimuuguza huko Marekani, waliyompa shangazi pamoja na sarafu, iweke mahali pamoja na cheti na boksi lake.

Sasa tuje kwenye bei. Sarafu ya aina hii ina uzito wa gramu 33.4, na asilimia 90 yake ni dhahabu, yaani gramu 30 na kidogo za dhahabu safi. Wakia moja ya soko la dunia ni gramu 31.1, kwa hiyo tunazungumzia wakia 0.9675. Zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo, ubadilishe kuwa shilingi, nawe utakuwa umepata bei ya chini kabisa, ambayo hata sarafu ingekuwa imekwanguka haipaswi kushuka sana chini yake. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo asilimia 90 ni karati 21.6. Sonara akihesabu 21 anakupunja zaidi ya robo tatu ya gramu kabla hata hajataja makato ya kuyeyusha. Simlaumu, kwa kuwa kazi yake ni kununua dhahabu ya kuyeyusha, na meli iliyozama haimhusu.

Juu ya bei hiyo ya madini ipo bei ya mkusanyaji wa sarafu, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Hapa kwetu mfano upo: ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, ina gramu 7 tu na robo nzima ya uzito huo si dhahabu, lakini wakusanyaji huilipia mara nyingi zaidi ya thamani ya madini yake, kwa sababu zilipigwa 16,198 tu. Hata hivyo, usijenge nyumba kichwani. Kutoka kwenye Central America ziliopolewa sarafu zaidi ya 5,000 za mwaka huohuo na herufi hiyohiyo, na nyingi zilikuwa nzuri kana kwamba zimetoka kiwandani jana, kwa maana dhahabu hailiwi na maji ya chumvi kama yanavyoliwa madini ya fedha. Yako basi si ya pekee. Kinachoitofautisha na wenzake ni daraja lililoandikwa kwenye lebo, katika kipimo cha 1 hadi 70, na hapo juu kabisa hatua moja tu hubadilisha bei kwa kiasi kikubwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kulilinda kasha. Sonara akilifungua na kuisugua sarafu kwenye jiwe lake jeusi ili aidondoshee tindikali, au akiing'arisha kwa nia njema, daraja linaondoka, jina la meli linaondoka, na kinachobaki ni gramu. Anayetaka kuhakikisha aichukue namba ya lebo na kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima, kisha alinganishe picha na sarafu yenyewe, kwa kuwa hata makasha hughushiwa.

Kabla ya kuuza, hakikisha baba yako mdogo, akiwa msimamizi wa mirathi, ameiingiza sarafu kwenye orodha ya mali iliyopelekwa mahakamani na kwamba wosia wa shangazi yako umetambuliwa. Binamu zako waambiwe mapema, tena kwa sauti yako mwenyewe.

Mnunuzi wa kweli kwa maoni yangu yuko Marekani, kwenye nyumba kubwa za mnada wa sarafu kama Heritage Auctions ya Dallas au Stack's Bowers. Kumbukumbu zao za minada iliyopita zinasomeka mtandaoni: tafuta 1857-S ya meli hii yenye daraja kama la kwako, uangalie iliuzwa kwa kiasi gani katika miaka ya karibuni, na usitishwe wala kufurahishwa na bei anazotamani muuzaji. Waulize kwa maandishi kamisheni yao, bima ya kusafirisha, na siku za kulipa. Sarafu isivuke mpaka kabla ya kuulizia forodha ya TRA na Tume ya Madini, nao watujibu kwa maandishi. Benki nayo itataka kujua fedha zimetoka wapi. Wale jamaa wanaozunguka mjini kutafuta rupia za Mjerumani wasilisikie jambo hili hata kidogo.

Nitumie ruhusa yako, nami nitapiga picha pande zote mbili pamoja na lebo, niandike barua mbili za kuomba makadirio, kisha niipeleke sarafu kwenye sanduku la benki. Sonara nitamjibu mimi mwenyewe.

Wako akupendaye,
Baba