Mbona rekodi ya mashabiki Melbourne haivunjwi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tukiwa tumebanana uwanjani Mbaraki, mwenzangu aliniambia kuwa fainali ya mwaka 1970 ya kandanda ya Kiaustralia, ule mchezo tofauti na soka ambao mpira hushikwa hata kwa mikono, ilitazamwa na watu 121,696. Je, ni kweli, na mbona idadi hiyo haifikiwi tena? — Msomaji, Likoni, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Ni kweli: klabu ya Carlton iliifunga klabu ya Collingwood katika uwanja wa kriketi wa Melbourne. Wakati huo maelfu walitazama wakiwa wamesimama bega kwa bega, kama abiria wa feri yenu ya Likoni asubuhi, ilhali baadaye majukwaa yalijengwa upya na viti vikachukua nafasi yao, hata fainali ya 2023, uwanja ukiwa umejaa pomoni, ilihudhuriwa na watu 100,024. Mapenzi hayajapoa hata kidogo.

Kinachonisikitisha ni kwamba klabu za mitaa ya Melbourne zilihama viwanja vyao vya asili ili kugawana viwili vikubwa. Collingwood ilicheza mechi yake ya mwisho ya ligi katika uwanja wake wa asili, Victoria Park, mwaka 1999, na shabiki aliyezoea kutoka nyumbani kwa miguu akalazimika kuufuata mchezo mbali na mtaa wake.