Cherono au Shaheen? Maswali yenu kuhusu mastaa waliobadili majina

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba Mo Farah siyo jina alilozaliwa nalo yule mkimbiaji wa Uingereza, basi meseji zikaanza kumiminika na nyingi hazikuwa za Farah hata kidogo. Nimechagua chache. Waliotukana nimewaruka.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Kijiweni kwetu tumebishana mpaka kahawa imepoa. Kuna babu mmoja hamwiti Muhammad Ali, yeye ni "Klei" tu, anasema jina ulilopewa na baba yako hulitupi kama ganda la ndizi. Wamarekani wenyewe walimkubali kirahisi? (Mnywa kahawa, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kirahisi wapi bwana! Huyo babu yenu angepata kazi kwenye magazeti ya kule miaka ile. Jamaa kazaliwa Louisville, Kentucky, 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake. Tarehe 25 Februari 1964 akamtwanga Sonny Liston pale Miami Beach akawa bingwa wa dunia, ana miaka 22, kesho yake anakiri kwamba yuko Nation of Islam, kundi la Kiislamu la Wamarekani weusi, kwa siku chache akawa Cassius X, halafu tarehe 6 Machi kiongozi wa kundi hilo, Elijah Muhammad, akatangaza kwamba kuanzia sasa huyu ni Muhammad Ali. Siku kumi tu hizo, majina matatu.

Watu wakagoma. New York Times iliendelea kuandika Clay kwa miaka kadhaa, na mtangazaji Howard Cosell akapata umaarufu kidogo kwa kitu kidogo tu, kumwita mtu jina alilosema anaitwa. Lakini waliomchoma zaidi nadhani ni mabondia weusi wenzake. Floyd Patterson alisema yeye atamwita Clay, wakakutana Las Vegas Novemba 1965, akachapwa polepole mpaka refa akasimamisha raundi ya 12. Akaja Ernie Terrell naye na Clay yake, Februari 1967 kule Houston akapigwa raundi zote 15 huku anaulizwa kwa sauti "Jina langu nani?" Mie nampenda Ali lakini ile siku alipitiliza, ukiangalia picha zake unamwonea huruma Terrell.

Sasa umpe babu silaha moja, maana nami napenda ubishi wa haki. Ali alisema Clay ni jina la utumwa, ila yule Cassius Clay wa kwanza, mzungu wa Kentucky wa karne ya 19, alikuwa mpinga utumwa maarufu. Kwa hiyo babu ana pa kushika. Tatizo la babu ni kwamba jina ni la Ali siyo la kijiwe.

Na walivyokuja kumkubali haikuwa kwa kushawishika na hoja. Aligoma kwenda jeshini 1967, akanyang'anywa ubingwa, afu vita ya Vietnam yenyewe ikaanza kuwachosha Wamarekani na yule waliyemwona msaliti akaanza kuonekana aliwahi kuona mbele. Hata hivyo 1971 Mahakama Kuu ya Marekani inamfutia hatia, majaji wanane kwa sifuri, kesi kwenye makaratasi bado inaitwa Clay dhidi ya Marekani! Miaka mitatu baadaye anapigana Kinshasa, uwanja mzima unaimba "Ali boma ye", yaani "Ali, muue" kwa Kilingala. Sijasikia kama kuna Mkongo aliyejaribu "Clay boma ye".

(Halafu kuna walioniuliza eti Mwalimu alikataa kumwona Ali 1980 kwa sababu ya hayo mambo ya jina. Hapana jamani. Ali alitumwa na Rais Carter kuja kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu hakupenda, basi. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi akarudi na fedha ya kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui akarudi na ya mita 5,000.)

SWALI: Habari za huko. Mimi Mkenya, nafanya kazi Doha, Qatar. Juzi niliwatambia wenzangu hapa kwamba Saif Saaeed Shaheen ni mtu wetu wa Keiyo, mmoja akanijibu, "Kama wenu mbona mlimkataa?" Nikanyamaza. Ningejibu nini?

JIBU: Ungemwambia ukweli tu kwamba mlikasirika, na mlikuwa na sababu, na pia mlikosea kidogo.

Kwa ambao hawaijui hii: Stephen Cherono alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa Kenya, Manchester 2002, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2003, anaingia uwanjani Paris kwenye mashindano ya dunia na jezi ya Qatar, jina jipya la Saif Saaeed Shaheen, anamshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya. Ndugu yake Abraham yuko kwenye mbio hizohizo na jezi ya Kenya. Kaka yao mwingine, Christopher Kosgei, ndiye alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo 1999. Yaani dhahabu ilitoka nyumba ileile ila wimbo uliopigwa ni mwingine. Magazeti wakati ule yaliandika habari za dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote, na ukishasoma hilo jina jipya unaliona kama risiti.

Ndo maana watu wengi waliendelea kumwita Cherono, kwa makusudi kabisa, na hapo ndipo huwa nawachokoza rafiki zangu wa Kenya: wale wale wanaomcheka Patterson kwa kung'ang'ania "Clay" walikuwa wanafanya nini? Watanijibu eti Ali alifuata imani na Cherono alifuata hela. Sawa, tofauti ipo na siyo ndogo. Ila mkimbiaji wa viunzi ana miaka mingapi ya kula kwa miguu yake? Na Kenya ina watu wa viunzi wa kumwaga, nafasi za timu ni za kugombania. Kwenye Olimpiki ya Athens 2004 Kenya ilikataa kumlegezea masharti ya kubadili nchi, hakukimbia, Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba. Siku chache baadaye huko Brussels, tarehe 3 Septemba, akavunja rekodi ya dunia, 7:53.63. Ilikaa mpaka Juni 2023 alipoivunja Lamecha Girma wa Ethiopia. Karibu miaka 19, na kwenye kitabu cha rekodi pameandikwa Shaheen.

Na jina likija na pasipoti linaweza kuondoka nayo. Mkenya Leonard Mucheru akawa Mushir Salem Jawher wa Bahrain, Januari 2007 akaenda kukimbia maratoni ya Tiberias, Israel, akashinda, na Bahrain wakamfuta uraia kwa kosa la kwenda huko.

Ila angalia hili. Ruth Jebet, naye mzaliwa wa Kenya, kachukua dhahabu ya viunzi na maji ya Rio 2016 kwa Bahrain akiitwa Ruth Jebet, nyuma yake kwenye fedha Hyvin Kiyeng wa Kenya. Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya pia, kachukua ya Paris 2024, Bahrain hiyohiyo, jina lake la Kikamba liko palepale. Manung'uniko yaliisha? Hayakuisha! Kwa hiyo kumbe jina halikuwa kidonda chenyewe, jina ndo lilikuwa mahali rahisi pa kubonyeza. Mjibu mwenzako hivyo, afu mnunulie chai.

SWALI: Kuna mcheza kikapu alijiita Amani ya Dunia, ni kweli au uzushi? (Dodoma)

JIBU: Kweli tupu. Ron Artest, yule wa ugomvi na mashabiki kule Detroit 2004, alikwenda mahakamani 2011 kuomba aitwe Metta World Peace, shughuli ikachelewa kidogo kwa sababu ya faini za barabarani alizokuwa hajalipa. Aprili 2012 Amani ya Dunia akampiga James Harden kiwiko cha kichwa, akafungiwa mechi saba. Hebu fikiria vichwa vya habari. Na yule wa kandanda ya Kimarekani, Chad Johnson, alivaa jezi 85 akaamua 2008 kisheria aitwe Ochocinco, yaani "nane tano", maana themanini na tano kwa Kihispania siyo hivyo kabisa. 2012 akarudi kuwa Johnson. Hawa watu huwacheka tu, hakuna anayewachukia, kwa sababu hawakumwacha mtu.

SWALI: Mo Farah aliwadanganya Waingereza miaka yote. Mbona hawakumvua medali? (Mpenda haki, Mwanza)

JIBU: Pole pole mpenda haki. Alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa Hussein Abdi Kahin huko Somaliland, baba yake kauawa vitani yeye ana miaka minne, mwanamke asiyemjua akamtoa Djibouti kwa karatasi za mtoto mwingine aliyeitwa Mohamed Farah, akafika Uingereza akageuzwa mtumishi wa ndani. Alisema yote haya kwenye filamu ya televisheni Julai 2022, serikali ikasema haitamchukulia hatua, na mashabiki wengi walilia naye. Medali ni za miguu, na miguu ilikuwa ya kwake. Kwenye hiyo filamu aliongea kwa video na Mohamed Farah mwenyewe, mwenye jina. Yeye ameendelea kuwa Mo, ila mtoto wake wa kiume anaitwa Hussein.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, yuko akademi ya mpira, anataka abadili jina liwe la Kibrazili eti ndo maskauti watamwona. Nifanyeje? (Mama wa Temeke)

JIBU: Dada, mgongoni kwa jezi mwache aandike anachotaka. Ila cheti cha kuzaliwa, shule na pasipoti vibaki na jina moja, maana siku skauti wa kweli akija kitu cha kwanza watakachokagua ni umri, na jina likitofautiana kwenye karatasi mbili wataanza kuuliza na mwaka wa kuzaliwa. Na anacheza namba ngapi? Kama ni golikipa mwambie achague nchi nyingine.